Glaida Haipenyi Upepo: Tafuta Kosa Kabla ya Kuongeza Farumi

Upepo wa vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, hauna subira. Unafika juu ukiwa umetulia, nyasi zinainama kidogo tu, na kabla hujamaliza kuunganisha mabawa ya glaida yako, ile ndege ndogo ya rimoti isiyo na injini, kofia imeshataka kuondoka kichwani. Mwenzako aliyerusha mapema anaisukuma pua chini, lakini ndege yake imening'inia palepale juu ya ukingo, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Kila aliyesimama karibu anampa shauri moja: ongeza uzito.

Mara nyingi shauri hilo ni zuri. Ila nimeshuhudia glaida za rimoti zikivunjika kwa uzito uliokaa mahali pabaya, nyingi kuliko zilizovunjwa na upepo wenyewe. Kwa hiyo katika mwongozo huu nitakwenda dalili kwa dalili, jinsi mtu anavyoziona akiwa amesimama kilimani na rimoti mkononi, kisha tutafute chanzo.

Uzito wenyewe nauita farumi, neno la mabaharia. Jahazi lisilo na shehena hutiwa farumi ya mawe au mchanga tumboni lisije likapinduka. Kwenye glaida kazi yake ni nyingine kabisa. Farumi ya jahazi hulituliza. Farumi ya glaida huipa mbio. Haibadilishi mteremko wa kuelea: kama ndege yako husafiri mita 15 kwa kila mita moja inayoshuka, ikiwa nzito itasafiri karibu mita hizo hizo 15, ila kwa haraka zaidi. Na kwa kuwa kila kitu kinakwenda haraka, hata kushuka kwake kunakuwa haraka. Hiyo ndiyo bei yake.

Hesabu ni rahisi: mwendo hufuata kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha uzito. Ukitaka kuongeza mwendo kwa asilimia 20, uzito uongezeke kwa asilimia 44. Ukiufanya uzito kuwa mara mbili, mwendo unapanda kwa asilimia 41 tu. Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: glaida ya mita 2 kutoka ncha hadi ncha, yenye gramu 1,200 na eneo la mabawa la desimita za mraba 34. Kila desimita inabeba gramu 35. Tukitia farumi ya gramu 500, inabeba gramu 50, na mwendo unaongezeka kwa asilimia 19 hivi. Kwa kulinganisha, kanuni za FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, kwa F3F, yaani mbio za glaida za rimoti kilimani, zinaruhusu hadi gramu 75 kwa desimita na jumla ya kilo 5, lakini hizo ni ndege za kaboni tupu zilizojengwa kwa kazi hiyo.

"Imesimama tu hewani, haisongi mbele"

Kabla ya kugusa farumi, tazama pua. Glaida iliyowekewa trimu (mkao wa usukani unaobaki ukiiachia rimoti) siku ya utulivu huruka polepole, pua ikiwa juu kidogo, na siku ya upepo trimu ile ile inaifanya ikae kama tiara. Shusha trimu ya eleveta, kile kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, hatua mbili tatu, uiache ichukue mwendo kwa sekunde kumi. Ikianza kusonga, hukuwa na tatizo la uzito.

Pili, umbo la bawa. Kama ndege yako ina flapu (vibao vya nyuma ya bawa karibu na shina), pandisha ukingo wa nyuma wa bawa zima, flapu na eleroni (vibao vya kuilaza ndege upande) pamoja, kwa milimita 1 au 2. Bawa linakuwa bapa zaidi na kukata hewa vizuri zaidi. Wengi husahau hatua hii kwa sababu haionekani kwa macho ukiwa mbali, lakini siku ya upepo wa kati inaweza kukuondolea haja ya farumi kabisa.

Tatu, mahali ndege ilipo. Upepo ukipanda mteremko hubanwa, na penye ukingo wa juu ndipo unapokimbia kuliko kwingine kote. Glaida iliyokwama juu ya kichwa chako inapigana na upepo mkali kuliko ule ulio mita 40 mbele. Ndiyo maana nawaambia vijana wanaoanza: ukirusha, sukuma kwanza mbele, ukisha kutoka nje ya ukingo ndipo utafute kimo. Wanaopanda kwanza hujikuta wakirudishwa nyuma ya kilima, na huko nyuma hewa inajikunja na kushuka kama maji yanayopita juu ya jiwe. Ndege ikishaingia huko, geuza pamoja na upepo, chukua mwendo, na utue mbali nyuma palipo wazi. Kupigana nayo irudi mbele ukiwa chini ni kuitupa.

Ukifanya yote matatu na bado ndege haisongi, sasa ni uzito. Tua, tia kama asilimia 20 ya uzito wa ndege tupu, rusha tena. Kwa glaida ya mfano wetu hizo ni gramu 240. Ninachotaka kuona ni ndege inayoelekea upepo bila kushikiliwa pua chini, ikisonga mbele angalau kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Ikifika hapo, acha. Gramu inayozidi hapo utailipia wakati wa kutua.

Ngong si pwani

Hapa pana jambo ambalo majedwali ya farumi yaliyoandikwa Ulaya hayatakuambia, nami nalitilia mkazo. Vilele vya Ngong viko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi kwa robo hivi kuliko ya Mombasa. Bawa likipita kwenye hewa nyepesi lazima likimbie zaidi ili libebe uzito ule ule, kwa hiyo glaida yako, bila hata gramu moja ya farumi, inaruka Ngong kwa mwendo unaozidi ule wa pwani kwa asilimia 15 hivi. Ni kana kwamba mlima wenyewe umeshakutilia theluthi ya uzito.

Kwa vitendo: glaida yetu ya gramu 1,200 pwani inaachia hewa, yaani bawa linashindwa kuibeba, ikishuka chini ya kilomita 27 kwa saa. Ngong inaachia hewa kwenye kilomita 31. Ukitia zile gramu 500, inaachia kwenye kilomita 37. Mtu akifuata jedwali la ufukweni Uingereza neno kwa neno, atapanda Ngong na ndege nzito kupita kiasi, halafu ashangae mbona inamponyoka kwenye kila kona. Anayeruka penye upepo wa kusi kando ya bahari anahitaji farumi zaidi kuliko anayeruka Ngong kwa upepo wa kasi ile ile. Mimi huanza Ngong na theluthi mbili ya kiasi ambacho jedwali linasema.

"Nimetia farumi, sasa inapiga mbizi" au "sasa inainua pua yenyewe"

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa kuliko zote, na karibu kila mara chanzo ni kitovu cha uzito, pale ndege inapolala sawa ukiisimamisha juu ya vidole, kilichohama. Farumi inapaswa kukaa katikati kabisa ya kitovu, ili ndege iwe nzito zaidi huku mzani wake ukibaki vile vile. Ikikaa mbele, pua inazama, unalazimika kuvuta eleveta muda wote, na mwendo ulioutafuta unaliwa na mkia. Ikikaa nyuma, ndege inakuwa na wasiwasi. Ukigusa kidogo inaruka, ukiiachia inainua pua au inaendelea kuzama bila kurudi.

Makosa madogo yana uzito mkubwa. Tuseme umetia gramu 300 kwenye ndege ya gramu 1,200, na katikati ya farumi iko milimita 20 nyuma ya kitovu. Zidisha 300 kwa 20, gawanya kwa jumla ya 1,500: kitovu kimehama milimita 4. Kwa bawa lenye upana wa sentimita 17, milimita 4 zinatosha kuifanya ndege tulivu iwe ndege nyingine.

Dawa yake inafanyika nyumbani, mezani, bila haraka. Weka alama ya penseli chini ya kila bawa pale kitovu kinapotakiwa. Isimamishe ndege tupu kwenye vidole viwili au kwenye kipande cha ubao chenye ncha mbili butu, uone imelala sawa. Kisha tia farumi yote, uisimamishe tena. Iwe na vipande viwili au sita, sharti ilale pale pale. Kama bomba la farumi la ndege yako halikuwekwa sawa tangu kiwandani, usijidanganye kwamba utarekebisha kwa trimu. Tengeneza vipande vya mbao vya kipenyo kile kile vya kujazia nafasi, uandike juu ya kila kimoja kwa kalamu ya wino: mbele, nyuma, na kinatumika na vyuma vingapi. Mimi nina visanduku vitatu vidogo, cha upepo mdogo, wa kati na mkali, kila kimoja kikiwa na vyuma vyake na vijiti vyake. Kilimani nabadilisha kisanduku tu, sifanyi hesabu huku vidole vikiwa vimekufa kwa baridi.

Ukiwa hewani, jaribio la kuthibitisha ni hili. Panda juu vya kutosha, elekeza pua chini kwa pembe ya nyuzi 45, iachie eleveta irudi katikati, utazame. Ikiinuka yenyewe kwa nguvu, kitovu kiko mbele mno. Ikiinuka taratibu au ikiendelea karibu moja kwa moja, uko vizuri. Ikizidi kuzama, kitovu kiko nyuma. Itoe kwenye mbizi kwa upole na utue. Fanya jaribio hili bila farumi kwanza, kisha na farumi. Ukiona tofauti kati ya mara mbili hizo, farumi yako haiko mahali pake.

Farumi inayotembea

Kuna namna mbaya zaidi ya kosa hilo: kitovu kinachohama ndege ikiwa hewani. Liliwahi kunipata. Bomba la farumi lilikuwa na urefu wa sentimita 20, vyuma vitatu vilijaza sentimita 15, na zile 5 zilizobaki nilizijaza sponji ya kuoshea vyombo. Mezani ndege ililala sawa kabisa. Nilirusha, nikavuta pua juu ili ipande, na vyuma vyote vitatu, gramu 300, vikatelezea nyuma vikaibana sponji. Piga hesabu ile ile: 300 mara milimita 50, gawanya kwa 1,500, unapata milimita 10. Pua ilisimama, bawa la kushoto likaachia hewa, ndege ikaanguka mteremkoni mita chache mbele yangu. Nilipoichomoa ile sponji ilikuwa nyembamba kama biskuti.

Tangu siku hiyo naitikisa ndege karibu na sikio, pua juu, kisha pua chini. Ukisikia hata mlio mmoja wa kugonga, usirushe. Nafasi tupu ijazwe kitu kigumu, mbao au bomba la plastiki, kamwe isiwe sponji wala karatasi, na mdomo wa bomba ufungwe kwa skrubu au kizibo kinachoshika. Selotepu peke yake inaachia jua likiipata.

"Inaanguka ghafla kwenye kona" au "inatua kama jiwe"

Wengi husema uzito umeiangusha. Kilichoiangusha ni mwendo mdogo. Kumbuka zile kilomita 31 zilizokuwa 37: mkono wako umezoea ndege tupu, na macho yako yanaipunguza mwendo hadi pale ulipozoea, ambapo sasa bawa haliwezi tena kubeba. Kwenye kona ni vibaya zaidi. Ukiilaza kwa nyuzi 60, bawa linabeba mara mbili ya uzito wote, na mwendo wa kuachia hewa unapanda kwa asilimia 41 nyingine. Kwa hiyo geuka kwa duara pana, na uingie kwenye kona ukiwa na mwendo. Usitafute mwendo ukiwa ndani yake.

Kutua ndiko kunakohitaji moyo. Karibu na ardhi upepo hupungua, kwa hiyo ndege inayoshuka huku imeelekea upepo inapoteza mwendo wa hewa bila wewe kufanya lolote. Ile ya asilimia 42 zaidi ya uzito inagusa ardhi na nishati mara mbili ya ile tupu, kwa sababu ni nzito zaidi na pia ina mbio zaidi. Anza mapema, ukiwa na nafasi ndefu, pua chini kuliko unavyopenda, na flapu ziteremshwe taratibu. Mahali pa kutua pachague kabla ya kurusha, ukiwa bado umesimama na miguu yako miwili: nyasi ndefu, hakuna mawe, hakuna watu wanaopanda mlima, na mbali na mitambo ya upepo, ambayo huvuruga hewa masafa marefu nyuma yake.

"Bawa linavuma, au linatetemeka"

Sauti ya mvumo mkali kwenye mbizi ni onyo. Ni eleroni au flapu inayopepea kwa sababu ya ulegevu kwenye kiungo cha sevo, ile mota ndogo inayokisogeza kibao, na farumi imeileta ndege kwenye mwendo ambao ulegevu huo unajitokeza. Vuta pua juu kwa upole, punguza mwendo, tua. Kisha shika eleroni kwa vidole viwili, uichezeshe: ikicheza zaidi ya nusu milimita bila sevo kusogea, badilisha kishikizo au kaza kiungo. Usirushe tena siku hiyo ukiomba Mungu.

"Inalala upande mmoja"

Kama farumi imewekwa ndani ya mabawa, pima kila upande kwenye mizani ya jikoni. Vipande viwili vinavyofanana kwa macho vinaweza kupishana gramu kadhaa, na kadiri vinavyokaa mbali na kiwiliwili ndivyo vinavyoonekana. Vipange vikiwa jozi, na vikae karibu na shina la bawa. Vikiwekwa kwenye ncha, ndege inakuwa mzito wa kulala na mzito wa kurudi, hata pande zote mbili zikiwa sawa.

Kuweka farumi mabawani kuna faida moja kubwa: bawa hubeba uzito wake lenyewe, na fimbo ya kuunganisha haipindi zaidi. Farumi yote ikiwa kiwiliwilini, kila gramu inaning'inia kwenye fimbo hiyo. Ukiona nyufa nyembamba kwenye rangi karibu na shina la bawa baada ya siku ya upepo, au mabawa yakikunjika kama upinde ukivuta eleveta, umefikia mwisho wa kile ndege yako inaweza kubeba. Glaida za foamu zisizo na fimbo ya kaboni hufika mwisho huo mapema. Kwa hizo sivuki robo ya uzito wake.

"Rimoti inakatika ndege ikigeuka"

Madini ya risasi na chuma huzuia mawimbi ya 2.4 GHz, yale ya redio ambayo rimoti hutumia. Kama waya wa antena wa risiva, kipokezi kilicho ndani ya ndege, umelala kando ya bomba la farumi, kuna upande mmoja ambao ndege haikusikii. Hamisha antena, waya mmoja uwe wima na mwingine ulale, mbali na farumi na kaboni, kisha fanya jaribio la umbali farumi ikiwa ndani.

Farumi ya kutumia

Duka la farumi za glaida sijalipata Nairobi, lakini vitu vyake vipo. Chubwi za wavuvi, na risasi za kubalansi magurudumu kutoka kwa fundi wa matairi, zinafaa kwa majaribio. Kwa kazi ya kudumu namwendea fundi wa mashine ya kukereza, anikatie fimbo ya chuma kwa kipenyo cha bomba langu. Kipande cha milimita 12 kwa sentimita 5 kina gramu 44 kikiwa chuma, 64 kikiwa risasi, na karibu 109 kikiwa tangsteni. Tangsteni ni ghali, ila kwa ndege yenye bomba fupi ndiyo njia pekee ya kuutia uzito wote penye kitovu bila kuusambaza mbele na nyuma.

Risasi usiiyeyushe jikoni. Mvuke na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto, na sufuria iliyotumika hairudi tena kupikia. Hata chubwi iliyo tayari, ifunge kwa tepu au ipake rangi, na unawe mikono kabla ya kula.

Jioni upepo ukianza kulegea

Dalili ya mwisho huja polepole: ndege iliyokuwa ikipanda vizuri saa tisa, saa kumi na moja inazunguka ikishuka kila mzunguko. Hakuna kilichoharibika. Upepo unaopanda mteremko umekuwa mdogo kuliko kasi ya ndege nzito kushuka. Usiisubiri ifike usawa wa miguu yako. Igeuze itue ungali na kimo cha kuchagua mahali. Halafu toa farumi jozi kwa jozi, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma kwa pamoja, weka vijiti vya mbao mahali pake, tikisa karibu na sikio, rusha. Kile chuma cha katikati, kilicholala penye kitovu, ndicho kitoke mwisho.